Wiki ya Pili

Mchungaji wa Gishwati hampimi ndama kwa kipimajoto. Humtia kidole kinywani. Akikuta kinywa cha moto, na ulimi unaokizunguka kidole na kukivuta, hucheka akamwacha ahangaike na mama yake. Akikuta ubaridi, na kidole kimelala tu mle ndani bila kuguswa, anajua hatalala tena usiku huo.

Malisho ya Gishwati yako milimani, juu ya mji wa Gisenyi, Rwanda. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Huku ng'ombe wanalishwa juu ya mita 2,000, na miti iliyokuwa ikiukata upepo mingi haipo tena. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Ulikatwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikabaki hekta 600 hivi. Ng'ombe wengi hulala nje, ndani ya ua wa mbao. Ndama anayezaliwa saa nane za usiku, mvua ikinyesha, hutoka kwenye joto la nyuzi 38 na zaidi akaangukia kwenye tope.

Kinachofuata ni kazi ya mikono. Ute hutolewa puani, na unyasi huchokonolewa tunduni ili apige chafya. Husuguliwa kwa majani makavu, kwa gunia, kwa koti la mchungaji mwenyewe, mpaka manyoya yasimame. Kisha huja dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano. Kwa ng'ombe, kama ilivyo kwa farasi na punda, kingamwili hazipiti kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto akiwa tumboni. Mtoto huzaliwa bila kinga yoyote ya maana, na kinga yote imo ndani ya dang'a. Tena utumbo wake huipokea kwa muda mfupi tu: saa sita za mwanzo ndizo bora, na baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Ndama wa kilo 35 anahitaji zaidi ya lita tatu. Asiyeweza kunyonya hanyweshwi kwa pupa, kwa maana maziwa yakikosea njia yanaingia mapafuni, na mtu aliyetaka kumwokoa ndiye atakayekuwa amemzamisha.

Farasi ni wa kutafuta kwa tochi katika pande hizi, lakini wenye farasi wana kisa kinachofaa kusimuliwa. Mtoto wa farasi mzima hutazamiwa kusimama ndani ya saa moja na kunyonya ndani ya saa mbili. Wapo wanaosimama lakini hawamtambui mama. Huzunguka banda, hulamba ukuta, hutazama bila kuona. John Madigan, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, aliwaona kama watoto ambao miili yao imezaliwa lakini ubongo haujapata habari: homoni zinazomtuliza kijusi tumboni bado zinawalaza. Dawa aliyoijaribu ni kamba. Mtoto hufungwa kifuani, kamba ikakazwa kwa muda wa dakika 20 hivi, kama vile anabanwa upya katika njia ya uzazi. Hulala usingizi. Kamba ikilegezwa, baadhi yao huamka, husimama na kwenda moja kwa moja kwenye kiwele. Anayetaka kujua uhai huanza lini hasa, na apite kwenye banda hilo kabla ya kwenda maktaba.

Swali la kidini linaloulizwa juu ya kiumbe kama huyu kwa kawaida ni hili: je, mtu ana wajibu wa kumwokoa? Limejibiwa zamani, na kwa sauti moja kuliko watu wanavyodhani. Torati inaamuru kwamba ukimkuta punda wa adui yako ameangukiwa na mzigo wake, umsaidie. Uadui wenu haumhusu punda. Katika Injili ya Luka, Yesu anawauliza Mafarisayo ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa papo hapo. Na Waislamu wanaijua hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemkuta mbwa akihema kwa kiu, akashuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, na dhambi zake zikasamehewa.

Visa vitatu vyema, na vyote vinafanana kwa jambo ambalo wahubiri hawaligusi sana. Ni visa vya dakika moja. Punda ananyanyuka, ng'ombe anatoka kisimani, mbwa anakunywa, na kila mmoja anashika njia yake. Hakuna anayesimulia wiki iliyofuata.

Ndama dhaifu ana wiki iliyofuata. Usiku ule wa kwanza hauhitaji maandiko; ni wachache wanaoweza kukishika kinywa cha baridi kisha wakarudi kitandani, na wanaoweza hawabadilishwi na aya. Shida huja baadaye. Siku ya tano ndama anahara. Siku ya nane kitovu ambacho hakikupakwa iodini kimevimba, na vijidudu vimeshuka kwenye magoti. Daktari wa mifugo anataka nauli, sindano zinataka pesa, na maziwa anayokunywa huyu ni maziwa ambayo yangeuzwa. Hapo huruma ya usiku ule imekwisha kupoa, na ndipo mtu anapolihitaji neno la dini au la falsafa.

Immanuel Kant hasaidii sana. Mwalimu huyo wa Königsberg alifundisha kwamba binadamu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Ubaya wa kumtesa mnyama ni kwamba unamzoesha mtu ukatili, na ukatili huo kesho utawafikia watu wenzake. Alitoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu miaka mingi: akizeeka, anastahili kutunzwa hadi afe. Haya, mbwa huyo ana cheti cha kazi. Ndama wa siku nane ana nini? Hajalinda nyumba, hajatoa hata kikombe cha maziwa. Wema wa Kant ni malipo ya uzeeni, na mgonjwa aliyezaliwa juzi hana mchango wowote katika mfuko huo.

Mwanachuoni wa karne ya 13, Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha misingi ya sheria aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwanadamu, na ya kwanza ni kumlisha na kumtunza hata kama amezeeka au ameugua kiasi kwamba hakuna faida inayotazamiwa kwake. Neno zito hapo ni hiyo faida. Mwanasheria huyo alijua vizuri mahali ambapo mkono wa mwenye mali huanza kulegea, akaiweka haki papo hapo.

Rwanda imelizungumzia jambo hili kwa njia yake. Mwaka 2006 serikali ilianzisha mpango wa Girinka, jina linalotokana na salamu ya kumtakia mtu awe na ng'ombe. Kaya maskini hupewa ng'ombe mmoja, na ng'ombe zaidi ya 400,000 wamekwisha kugawiwa. Sharti lake ni kwamba ndama jike wa kwanza hapewi mwenye ng'ombe bali jirani maskini aliye kwenye orodha. Kwa hiyo ndama jike akizaliwa taabani katika kaya hiyo, mama wa nyumba anayekesha akimsugua kwa gunia anamkeshea ndama wa mtu mwingine. Akifa, ni jirani aliyepoteza. Akipona, atavuka ua. Wanaoukosoa mpango huo kwa kuuliza kama umewatoa watu kwenye umaskini wana haki ya kuuliza. Lakini kwa swali letu, yale mazoea ya kumtunza asiye wako na asiyekulipa ni adimu, na hapa yameandikwa kwenye masharti ya serikali.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, mwendo wa miguu tu kutoka Gisenyi, iko Goma. Wachuuzi wa mboga na maziwa huvuka kila asubuhi, na Kiswahili ndicho wanachopatania bei. Huko Goma, mwaka 2007, aliletwa mtoto wa gorila wa milimani mwenye umri wa miezi miwili. Walinzi wa Hifadhi ya Virunga walikuwa wamemkuta ameng'ang'ania maiti ya mama yake, aliyepigwa risasi saa chache kabla. Alipewa jina Ndakasi. Usiku wa kwanza mlinzi André Bauma alimlaza juu ya kifua chake kitupu ili apate joto, akakaa naye hivyo hadi asubuhi.

Picha hiyo inapendwa sana, na ni haki ipendwe. Kilicho kigumu zaidi hakipigiki picha. Ndakasi hakuweza kurudi porini. Asingeishi bila familia. Alihamishiwa kituo cha Senkwekwe huko Rumangabo pamoja na yatima mwenzake Ndeze, na Bauma akaendelea kumlisha na kucheza naye katika miaka ambayo waasi walipita na kurudi na walinzi wenzake wakauawa. Dunia ilimwona Ndakasi mwaka 2019 katika picha ya kujipiga ambamo yeye na Ndeze wamesimama wima nyuma ya mlinzi kama majirani waliojialika. Alikufa jioni ya 26 Septemba 2021 baada ya kuugua kwa muda mrefu, mikononi mwa Bauma. Alikuwa na miaka 14. Hiyo ndiyo wiki ya pili, iliyodumu zaidi ya mwongo mzima.

Kuna lawama inayosikika katika nchi yenye kambi za wakimbizi, nayo haistahili kupuuzwa: watoto wa watu wanakufa, na nyinyi mmekumbatia gorila? Kwa upande wa pesa lawama hiyo ina nguvu. Dola ya mfadhili iliyonunua maziwa ya gorila haikununua ya mtoto. Kwa upande wa kifua haina nguvu. Mbinu ya Bauma ndiyo ile ile ambayo daktari Edgar Rey alianza kuitumia huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa watoto njiti waliokosa mashine za kuwapa joto: mtoto alazwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama. Leo hospitali za Rwanda nazo huitumia. Joto la mwili halipungui kwa kugawiwa, na aliyelizoea kwa mmoja hashindwi kwa mwingine.

Milima ya Gisenyi ina mfano wake. Mmarekani Rosamond Carr alilima maua na pareto huko Mugongo kwa miaka mingi, na alikuwa rafiki wa Dian Fossey, mtafiti wa gorila. Mwaka 1969 Fossey aliwauguza katika kituo chake cha Karisoke watoto wawili wa gorila, Coco na Pucker, waliofikishwa kwake wakiwa hoi. Aliwaponya. Lakini walikuwa wamekamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani, na huko ndiko walikopelekwa. Wote wawili walikufa mwaka 1978. Usiku wa kwanza ulikuwa wa Fossey. Wiki ya pili ilikuwa na mwenyewe tayari. Carr naye, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, alirudi Mugongo mwaka huo huo wa 1994, akiwa na miaka 82, akaligeuza jengo la kukaushia pareto kuwa makao ya watoto yatima. Aliyaita Imbabazi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya huruma. Usalama ulipoharibika, makao yalihamia Gisenyi, kisha yakarudi Mugongo. Carr aliendelea nayo hadi alipofariki mwaka 2006. Hakuna anayejua ni lini hasa huruma inageuka kuwa ratiba ya chakula, sare za shule na dawa ya minyoo, lakini kwa miaka 12 ndivyo ilivyokuwa.

Turudi Gishwati, kwa ndama ambaye hata Girinka haimtaji: dume. Ndama jike atakuwa mtamba, mtamba atakuwa maziwa. Dume wa ng'ombe wa maziwa ni hesabu ya hasara tangu anapodondoka. Anakunywa kinachouzwa, na nyama yake iko mbali. Akizaliwa mzima huvumiliwa. Akizaliwa dhaifu, wapo wanaomwacha usiku uamue, wakasema ni kazi ya Mungu. Huenda ni kweli. Tatizo ni kwamba kazi hiyo ya Mungu huonekana kumwangukia dume mara nyingi kuliko jike.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pikipiki ya maziwa inasikika ikipanda kona, madumu yakigongana. Mwenye pikipiki hupima, huandika, hulalamika kuhusu barabara. Katika ua mmoja ng'ombe aliyezaa siku 12 zilizopita amekwisha kukamuliwa, na ndoo haijajaa kama inavyopasa. Mkamuaji amemaliza chuchu tatu. Ya nne ameipita bila kuigusa, akainuka na kuvuta kamba mlangoni, na dume mwenye goti lililofungwa kitambaa anaingia akichechemea, anakipiga kiwele kwa kichwa mara mbili, kisha anaipata.