Mpwa Wangu, Lifute Neno Uzembe

Mpwa wangu,

Daftari uliloniachia Jumapili nimelisoma lote. Nimelisoma kama nilivyokuwa nikisoma madaftari ya wanafunzi wangu, kalamu mkononi na chai ikipoa kando, hata zile kurasa ulizozikunja ili nisizione. Wiki 6, maswali 360. Ni kazi kubwa kwa mtu anayetoka ofisini jua limeshazama na bado ana foleni ya mwendokasi mbele yake. Hongera, na ninaitoa kwa moyo mweupe.

Lakini kuna neno moja limenisumbua tangu siku hiyo. Kila ulipokosa swali umeandika pembeni: uzembe. Nimelihesabu. Limo mara 14.

Naomba ulifute.

Kabla sijakueleza kwa nini, tuelewane kwanza juu ya mtihani wenyewe, maana naona unauogopa kwa jambo ambalo hauna. GMAT ni mlango wa kuingilia masomo ya uzamili ya biashara, na wenye mlango huo, GMAC, walianza kama umoja wa shule 9 za biashara za Marekani mwaka 1953. Sehemu yake ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45. Ndani yake hamna logi wala trigonometria, na katika toleo lililoanza Novemba 2023 hata jiometri imetolewa. Kilichobaki ni asilimia, uwiano, wastani, vipeo, milinganyo, vigawe na vigawo. Hayo yote uliyamaliza ukiwa bado unavaa sare ya shule. Sasa gawa dakika 45 kwa maswali 21: kila swali lina dakika mbili na sekunde tisa hivi, na kikokotoo hakiruhusiwi. Ugumu umekaa hapo, pamoja na jambo moja ambalo wengi hawalioni. Yale majibu manne yasiyo sahihi hayakuokotwa njiani. Yametengenezwa kutokana na makosa ambayo mtahini anajua tutayafanya. Ukikosea kwa njia ya kawaida, jibu lako litakuwa pale linakusubiri, nawe utalichagua ukiwa na furaha.

Chukua risiti yoyote ya EFD iliyomo kwenye mkoba wako. Tuseme umelipa shilingi 118,000, na VAT ya asilimia 18 imo humo ndani. Kodi ni kiasi gani? Mtu mwenye haraka anatafuta asilimia 18 ya 118,000, anapata 21,240, anaendelea na safari. Kodi ni 18,000, kwa sababu asilimia 18 inatozwa kwenye bei kabla ya kodi, ambayo ni 100,000. Wewe unashika hesabu za mikopo kila siku na jambo hili unalijua, lakini katika daftari lako umelikosa mara tatu, kila mara kwa sura nyingine: mara faida, mara punguzo la bei, mara idadi ya watu iliyoongezeka. Mara zote tatu pembeni umeandika uzembe, na mara zote tatu kosa ni moja. Hukujiuliza: asilimia ya kitu gani?

Neno uzembe nalijua vizuri kwa sababu nimeliandika kwa miaka mingi. Nililiandika kwa wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu. Nikiwa bado mwalimu kijana, nilikuwa na msichana wa kidato cha pili, mtulivu, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Kila akikutana na mlinganyo kama x² = 5x aliandika x = 5, akapiga mstari chini, akafunga daftari. Mimi nikaandika uzembe na kumkata alama. Muhula ukaisha, muhula mwingine ukaanza, yeye na kosa lile, mimi na neno lile. Siku moja nikamwita aje anieleze ubaoni anavyofanya. Akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, si ulisema tukate pande zote mbili?”

Ni kweli nilisema. Sisi walimu wote tulisema “kata”. Kata hii na hii, kata juu na chini. Yule mtoto alikata x upande huu na x upande ule, kama alivyoambiwa, akabakiwa na 5. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kukata ni kugawanya, na kwamba hugawanyi kwa kitu ambacho huenda ni sifuri. Maana x ikiwa sifuri, mlinganyo ule unakubali pia: sifuri upande huu, sifuri upande ule. Majibu ni mawili, na moja alilitupa kwa kunitii mimi. Mwaka mzima nilimwita mzembe kwa kosa lililotoka mdomoni mwangu. Sijui leo yuko wapi. Ningependa kumwomba radhi.

Ndiyo maana nilipofungua ukurasa wako wa 31 na kukuta x² = 5x, na mbele yake “x ina thamani moja”, niliweka kalamu chini kwa muda.

Nimekaa na yale makosa yako 14 siku mbili usiku. Matatu ni ya asilimia, nimeshayasema. Mawili ulitafuta x vizuri kabisa, ukaipata, ukaichagua, wakati swali liliuliza 2x + 1. Na 9 yaliyobaki, mpwa wangu, ni ndugu wa tumbo moja. Yote ni kugawanya au kuzidisha kwa herufi usiyoijua bila kujiuliza kama huenda ni sifuri au hasi.

Tazama lile la ukurasa wa 38. Ni yale maswali ya utoshelevu wa taarifa, ambapo huulizwi jibu. Unaulizwa kama ulichopewa kinatosha kulipata jibu: taarifa ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote mbili kwa pamoja, kila moja kwa nafasi yake, au hata zikiungana hazitoshi. Siku hizi yamehamishiwa katika sehemu ya uchambuzi wa data, yenye maswali 20 kwa dakika 45, na huko kikokotoo kipo kwenye skrini. Lakini hapa kikokotoo hakikusaidii chochote. Swali lilisema: je, x ni kubwa kuliko y? Taarifa ya kwanza: x ukiigawa kwa y unapata zaidi ya 1. Taarifa ya pili: y ni chanya. Wewe ulisema ya kwanza inatosha. Uliipeleka y upande wa pili, ukapata x kubwa kuliko y, ukaona umemaliza. Sasa weka x iwe hasi 4 na y iwe hasi 2. Ukigawa unapata 2, ambayo ni zaidi ya 1, lakini hasi 4 ni ndogo kuliko hasi 2. Taarifa ya kwanza imeruhusu “ndiyo” na “hapana” kwa pamoja, kwa hiyo haitoshi. Ya pili peke yake haituambii lolote juu ya x. Zikiungana ndipo zinatosha, kwa sababu sasa unajua y ni chanya na unaweza kuihamisha bila alama kugeuka.

Ni kosa lile lile la ukurasa wa 31, limevaa nguo nyingine. Kama pale ukurasa wa 31 ungeandika “nimegawanya kwa x bila kuuliza kama ni sifuri”, ukurasa wa 38 ungelitambua likija kwa mbali. Ulipoandika uzembe, ulijikemea tu. Na kujikemea kunachosha; baada ya mara 14 mtu anaanza kuamini kwamba kasoro iko kwenye akili yake. Wewe kasoro hiyo huna. Una tabia moja ya mkono, na mkono unafundishika.

Sasa nije kwenye suala la mazoezi ya kila siku, ambalo ndilo uliloniuliza.

Wewe unafanya maswali 60 Jumamosi, na Jumatatu hadi Ijumaa hugusi kitu. Najua sababu, na sikulaumu. Lakini Jumamosi ikifika, masaa mawili ya kwanza unayatumia kukumbuka ulipoishia, na maswali ya mwisho unayafanya umechoka, unabahatisha. Watu watakwambia haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, ila kibaba kikiwa kimetoboka chini, mimina upendavyo hakijai. Kurudia kosa la jana ndiko kuziba tundu.

Fanya maswali 10 tu kwa siku, siku 6 za wiki. Maswali 10 kwa mwendo wa mtihani ni dakika 21 na nusu hivi, weka saa mezani. Kisha tumia muda mrefu kuliko huo kwa yale uliyokosa, na hata yale uliyopata kwa kubahatisha. Haya ya kubahatisha uyaogope zaidi, kwa sababu hayakuumi. Andika kosa kwa sentensi nzima, yenye kitendo ndani yake: nilifanya nini, na nilipaswa kujiuliza nini. Kesho yake, kabla ya maswali mapya, fungua karatasi tupu na ufanye yale ya jana tangu mwanzo bila kuchungulia. Kusoma ufumbuzi na kuutikisia kichwa si kuujua. Nimeona vijana wengi wakitikisa kichwa mbele yangu vizuri sana, kisha nikiwapa chaki wanasimama. Baada ya wiki, yarudie tena. Swali ambalo umelipata peke yako mara mbili kwa siku tofauti, hilo liache liende.

Saa kumi na moja alfajiri inakufaa kuliko usiku. Hata umeme ukikatika, taa ya chaji inatosha. Ukiwa kwenye basi usifanye maswali. Soma tu sentensi zako za makosa. Na chenji ya dukani ipige kichwani kabla muuzaji hajaitaja. Simu zimetunyang'anya jambo dogo ambalo mama zetu walilifanya sokoni wakiwa wamebeba mtoto mgongoni, na mtihani huu unalidai.

Kuna jingine nalisema kwa uchungu kidogo. Shule ya msingi ulijifunza namba tasa, shufwa, witiri, kigawe na kigawo kwa Kiswahili, na uliyaelewa. Namba tasa, neno zuri kiasi gani: namba ambayo huwezi kuivunja kwa kugawanya ikatoa nyingine ndogo isipokuwa moja. Witiri ulikuwa ukilijua hata kabla, kwa ile swala ya usiku yenye rakaa zisizogawika mbili mbili. Ukaingia kidato cha kwanza, maneno yote yakabadilishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi wakadhani hesabu zenyewe ndizo zimebadilika. Wewe pia, naona. Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, hilo halina mjadala. Lakini ukishasoma swali, liseme kwa Kiswahili moyoni kabla ya kushika kalamu. Ukurasa wa 12 uliandika 5 − x pale ilipotakiwa x − 5, kwa sababu Kiingereza kilitaja tano kwanza, na bahati nzuri jibu la mwisho halikuharibika. Ungejiambia “x iliyopunguzwa tano” usingekosea. Na jioni, mweleze mdogo wako swali moja kwa sauti. Pale utakapokwama katika kueleza, hapo ndipo usipopajua.

Mitihani miwili ya majaribio inayotolewa bure na GMAC wenyewe usiichezee. Mmoja ufanye sasa, upate kujua ulipo; wa pili uuhifadhi hadi zibaki wiki mbili. Alama zinaanzia 205 hadi 805, na utakachopata mara ya kwanza usimwonyeshe mtu, hata mimi. Zoea pia kuandika kwa kalamu ya kufutika, kwa sababu katika chumba cha mtihani utapewa vibao vya plastiki badala ya karatasi, na sifuri zako zinafanana na sita. Kila sehemu unaruhusiwa kurudi mwishoni na kubadilisha hadi majibu matatu, muda ukiwepo. Basi swali likikukataa kwa dakika mbili na nusu, chagua jibu, weka alama, songa mbele. Kuacha maswali ya mwisho bila kuyajibu kuna adhabu yake, na kompyuta haikupi sifa kwa kung'ang'ana.

Daftari nimelifunga kwa gazeti, nitampa dereva wa basi la asubuhi. Neno uzembe sikulifuta mimi; nimekuachia nafasi pembeni ya kila moja, ulifute mwenyewe na uandike kilichotokea. Ukurasa wa mwisho nimekuwekea swali nililolitunga jana usiku. Je, namba kamili n ni shufwa? Taarifa ya kwanza: n² + n ni shufwa. Taarifa ya pili: 3n + 1 ni witiri.

Ukija Jumapili usinianze na jibu. Nieleze namba ya kwanza uliyoijaribu ni ipi, na kwa nini ulianza na hiyo. Shangazi yako atapika pweza.

Mjomba wako