Nani Alaumiwe kwa Urithi wa Damu?

Mtu akiachiwa shamba au nyumba, aweza kuupokea urithi huo au kuukataa. Uko urithi mwingine usiokatalika. Hutolewa kabla mtu hajazaliwa, hauna wosia wala shahidi, na mara nyingi hata wanaoutoa hawajui kwamba wanao. Huo ni urithi wa damu. Mtoto akizaliwa na ugonjwa wa kurithi, ndugu msomaji, nani astahili lawama?

Tutwae mfano wa selimundu, ugonjwa unaojulikana sana nchini mwetu, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria na pwani. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo na laini, nazo hupita kwa wepesi katika mishipa myembamba. Chembe za mgonjwa zikipungukiwa na oksijeni hupindika kama mundu wa kuvunia, zikakwama na kuziba njia. Ndipo yajapo maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu.

Ugonjwa huu una kanuni yake. Kila mmoja wetu hupokea jeni moja ya kazi hii kwa baba na moja kwa mama. Mwenye jeni moja tu ya selimundu kwa kawaida haugui. Huishi na kuzeeka bila kujua alichokibeba. Anayeugua ni yule aliyeipata kwa wazazi wote wawili. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4, wa kuwa mbebaji ni 2 kati ya 4, na wa kutoipata kabisa ni 1 kati ya 4. Mimba moja haibadili hesabu ya mimba ifuatayo.

Basi mume amfukuzaye mkewe kwa kuwa amemzalia mgonjwa anahukumu nusu ya kesi, kwani jeni ya pili ilitoka kwake mwenyewe. Naye asemaye kwamba ni laana, na asikize. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kuichunguza habari hii mwaka 1949. Aliona kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na ziwani, penye malaria, na wachache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 akatangaza kwamba jeni moja ya selimundu humkinga mtu na malaria. Jeni hiyo ilikuwa ngao ya mababu zetu. Anayepewa moja hulindwa. Anayepewa mbili huelemewa. Ni nani awezaye kuita ngao hiyo dhambi?

Lakini mtu aweza kuuliza: kama hakuna wa kulaumiwa, je, hakuna mwenye wajibu? Yupo. Asiyejua hana hatia, ila anayejua ana deni. Siku hizi damu hupimwa, na vijana wawili wanaotaka kuoana waweza kujua hali yao mapema. Mimi sisemi kwamba wabebaji wawili wakatazwe kuoana. Uamuzi huo ni wao, nao ni mzito. Nasema kwamba ajuaye hali yake akamficha mchumba wake amemnyang'anya haki ya kuamua. Kurithi hakukuwa hiari yake. Kuficha ni hiari yake kabisa.

Jamii nayo ina deni. Mtoto akigunduliwa mapema, penisilini humkinga na maambukizo yanayoua wachanga, na dawa iitwayo haidroksiyuria hupunguza mashambulio ya maumivu. Kuzijua dawa hizi na kumwacha mtoto bila kuzipata ni kosa letu sote, wala si la wazazi wake peke yao.

Huenda katika darasa lako yumo mwanafunzi akosaye masomo mara kwa mara, mwenye macho ya manjano, asiyeweza kukimbia kama wenzake. Usimwite mvivu, wala usiulize ukoo wake ulikosa nini. Mwazime daftari lako, umpe maji ya kunywa, na siku ya maumivu umwite mwalimu upesi. Kisha, utakapofikia umri wa kuoa au kuolewa, ukapimwe damu yako, na utakaloambiwa umwambie yule utakayeishi naye.