Haya Isiwe Kizuizi cha Dawa

Ndugu zetu Waislamu, tulipokwenda Nyeri kusomesha, mama mmoja wa Majengo alituuliza nyuma ya pazia: Je, mwanamke atokwaye na mkojo bila ya hiari yake ana sala? Miezi minane alikuwa hasali. Tulimjibu kwamba sala haikumwondokea. Wakati ukishaingia ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe na asali pale pale. Na kila faradhi ina udhu wake.

Kumbe lilikuwako la pili. Kizazi chake kimeshuka, kwa uzazi mwingi na mizigo ya kuni aliyoichukua mgongoni miaka yote, na daktari amemwambia atatiwa wavu. Mumewe yu tayari kutia saini. Mwenyewe hakuelezwa kitu!

Wavu huo ni nyuzi za plastiki iitwayo polipropilini, hushikilia kiungo kilicholegea. Hatusemi hauna faida. Ukanda wake mwembamba, uwekwao chini ya njia ya mkojo, umewapumzisha wanawake wengi. Lakini ule wa kuinua kizazi, utiwao kwa njia ya ukeni, umewadhuru wengine: hupenya ukajitokeza, ukaleta maumivu, hata tendo la ndoa likawa adhabu. Na kuutoa ni kazi nzito, kwani nyama huota ndani ya matundu yake. Julai 2018 Uingereza ilisimamisha aina zote mbili, ila penye haja maalumu. Aprili 2019 Marekani ikaamuru wenye viwanda waache kuuza ule wa kuinua viungo kwa njia ya ukeni. Ripoti ya Baroness Cumberlege ya 2020 ilieleza jinsi wanawake walivyolalamika miaka na miaka wasisadikiwe. Hilo la kutosadikiwa, wallahi, halikuanza Uingereza. Limo majumbani mwetu.

Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Na Mtume (s.a.w.) amemdhaminisha ajitiaye utabibu asiojulikana nao. Basi kumhoji daktari si utovu wa adabu.

Tulimwambia mama yule arudi pamoja na mumewe, lakini aseme yeye, kwani mwili ni wake. Aulize kama mazoezi ya misuli ya nyonga yatamfaa, au pete ya mpira ya kuzuilia kizazi, au kushonwa kwa nyama yake mwenyewe pasina wavu. Aulize daktari amekwisha kuwatia wangapi, na ukimdhuru, ni nani atakayeutoa, na wapi.