Karama ya Mikono na Moyo wa Kufundisha

Somo: Kutoka 35:30–35



Wana wa Israeli walipokuwa jangwani, Mungu aliwaagiza wamjengee hema ya kukutania. Kazi ile ilitaka watu wajuao kufua dhahabu, kukata vito, kuchonga mbao na kufuma nguo za rangi ya samawi na zambarau. Musa alikuwa nabii, lakini kazi hizo hakuziweza. Ndipo Mungu alipomwita kwa jina lake Bezaleli, mtu wa kabila ya Yuda, akamjaza Roho wake. Si ili ahubiri, wala si ili aongoze vita, bali ili awe stadi wa kazi ya mikono. Sisi hupenda kusoma habari za Roho kuwashukia manabii, tukasahau ya kuwa fundi huyu naye alijazwa Roho yule yule.

Tena, msomaji asipite upesi mstari wa 34. Hapo Musa aeleza ya kuwa Mungu alitia jambo la pili ndani ya moyo wa Bezaleli, na wa mwenzake Oholiabu wa kabila ya Dani, yaani nia ya kuwafundisha wengine. Basi karama ni mbili. Ya kwanza hukaa mikononi, na ya pili hukaa moyoni. Mwenye ile ya kwanza peke yake ni fundi, naye akifa kazi yake hukoma. Mwenye zote mbili huacha mafundi nyuma yake. Hema ya Bwana isingalisimama kwa mikono ya mtu mmoja.

Sisi tukaao pande hizi za Bukene tungepaswa kulifahamu jambo hili kuliko wengine, maana nchi yetu ilikuwa nchi ya misafara. Wazee wetu Wanyamwezi walichukua mizigo toka Unyanyembe mpaka pwani, wakarudi tena, miezi mingi kwa miguu. Mbele alitangulia kirangozi, ajuaye njia na maji. Nyuma walikuwapo wakubwa waliowaangalia wachovu wasiachwe porini. Kati yao walikwenda vijana wadogo waliofuatana na jamaa zao, wakichukua vyungu na mikeka tu. Hawakupewa pembe ya ndovu siku ya kwanza. Walijifunza mwendo, na namna ya kufunga mzigo, na nyimbo za njiani, hata mabega yao yakakomaa.

Na Israeli nao walisafiri hivyo. Kitabu cha Hesabu, sura ya 10, chasema kabila ya Yuda ilitangulia, na kabila ya Dani ilifuata nyuma ya marago yote. Bezaleli alitoka kwa watu wa mbele, Oholiabu kwa watu wa nyuma. Mungu aliwaweka wote wawili katika kazi moja, ili pasiwe na kijana asiye na wa kumwangalia.

Njia ile ya miguu imekwisha. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na ile iendayo Mwanza, ipitayo hapa Bukene, ilimalizika mwaka 1928. Kijana aondokaye leo kwenda mjini hafuatani na mjomba wala kirangozi. Ashuka peke yake, na mfuko wake mkononi, katika mji asiomjua mtu. Ana miaka kumi na mitano au kumi na saba. Mikono yake ina nguvu, na akili yake i tayari kushika lo lote litakalowekwa mbele yake. Ni nani atakayeliweka?

Hapo ndipo penye hatari. Sura ya 31 ya Kutoka yaeleza jinsi Bezaleli alivyoitwa, na sura ya 32 yaeleza jinsi ndama wa dhahabu alivyotengenezwa. Dhahabu ile ilitoka katika masikio ya wake zao, na wana wao, na binti zao; tena ilitengenezwa kwa chombo cha kuchorea, kama vyombo vya fundi ye yote. Baadaye watu wale wale walileta dhahabu yao kwa ajili ya hema. Mali ilikuwa ya namna moja, na ustadi pia. Tofauti ilikuwa katika yule aliyeiongoza mikono, na lile alilolikusudia. Ndugu zangu, mikono ya kijana haikai bure. Tusipomfundisha sisi, atafundishwa na mwingine. Maana mwizi naye hufundisha wanagenzi wake, wala hawatozi ada.

Lakini Mungu hakukosa mashahidi hata mijini. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko kusini, pande za Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi kama wengi. Hakusoma chuo cha sanaa. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao nyembamba, kwa rangi zile zile za kupakia nyumba na baiskeli. Angeweza kuificha kazi yake, maana ilikuwa ikimpa chakula. Badala yake aliwaita jamaa zake vijana, akawaonyesha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, akidhaniwa kuwa mhalifu. Muda wake wa kuchora ulikuwa miaka minne hivi tu. Lakini wanafunzi wake waliendelea, nao wakawafundisha wengine. Mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, na leo picha za namna ile hujulikana katika nchi nyingi kwa jina lake. Tupime wenyewe: kama asingalifundisha, ni nani leo angalimjua?

Mwaka ule ule wa 1972, katika mji ule ule, mtawa mmoja wa Maryknoll, Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa, mahali pa vijana wenye karama lakini wasio na chombo wala mnunuzi. Yeye si wa kanisa letu, lakini jema halina budi kusifiwa po pote lilipo. Katika nyumba hiyo aliajiriwa Mmakonde mmoja, George Lilanga, awe mlinzi wa usiku. Mjomba wake, aliyekuwa akifanya kazi humo, ndiye aliyemsaidia kupata nafasi hiyo. Mlinzi huyo alikuwa mchongaji. Watu wa nyumba ile walizitazama kazi zake, wakamtoa mlangoni wakamketisha pamoja na mafundi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, huko Marekani. Baadaye maradhi ya kisukari yalimnyima miguu. Hata hivyo aliendelea kufanya kazi pamoja na vijana waliomzunguka, mpaka alipofariki mwaka 2005. Basi tujiulize: ni walinzi wangapi wamekaa milangoni petu usiku kucha, wala hatujawahi kuwauliza mikono yao yajua nini?

Labda mtu atasema, Mchungaji, kuchora na kuchonga ni mambo ya kigeni. La, sivyo. Katika makumbusho ya Berlin kimewekwa kiti cha enzi cha Kinyamwezi, chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu, nao wajuao hukihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za Afrika. Alikichonga mtu wa nchi hii, kwa mti wa nchi hii.

Mwingine atasema, Mambo haya yafanana na ibada ya sanamu. Huyo akumbuke mambo ya Wittenberg. Mwaka 1522, Luther alipokuwa mafichoni Wartburg, watu wa mji wake walizivunja sanamu na picha za kanisani. Yeye alitoka mafichoni, akawahubiri siku nane mfululizo, akiwaonya waache fujo, maana neno la Mungu ndilo ling'oalo sanamu moyoni. Mkono wenye nyundo hauwezi. Rafiki yake Lucas Cranach alikuwa mchoraji, mwenye karakana iliyojaa wanafunzi, na mwanawe miongoni mwao. Katika karakana hiyo ilitoka picha ya madhabahu ya Wittenberg, iliyowekwa mwaka 1547: Luther yu mimbarani, akimwonyesha kwa kidole Kristo aliyesulibiwa.

Sasa mimi niandikaye sina budi kuungama. Miaka mingi iliyopita, katika usharika mmoja nilioutumikia, kijana wa mafundisho ya kipaimara alichora kwa makaa ukutani, nyuma ya kanisa. Alichora gari la moshi, na watu madirishani, kila mmoja na uso wake. Nilimkuta akimalizia. Nikampa ndoo ya maji na kitambaa, nikasimama pale mpaka ukuta ukatakata. Nilidhani nimefundisha adabu. Jumapili iliyofuata hakuja, wala hakurudi tena; nikasikia kwamba amekwenda mjini. Adabu ilimpasa, sikatai. Lakini baada ya ndoo ningaliweza kumpa ubao. Ndoo niliijua ilipo, ubao sikuutafuta. Nimemwomba Mungu msamaha, naamini amenisamehe kwa ajili ya Kristo. Lakini kijana yule sijamwona nipate kumwomba yeye.

Basi tufanye nini hapa kwetu? Hatuhitaji jumba. Chumba kimoja au kivuli cha mwembe chatosha, siku ya Jumamosi alasiri. Twaye seremala, tunao akina mama wafinyanzi, na wasukao vikapu, na mafundi wa cherehani, na mwalimu wa kwaya. Kila mmoja na atoe saa mbili kwa juma, bila ujira, kwa vijana wetu, wavulana kwa wasichana; maana sura hiyo hiyo ya 35 yawataja wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao.

Nao watakaojitolea nawaomba mambo matatu. Kwanza, msiahidi kuja kisha msije. Kijana aliyekwisha kuachwa na wengi hujua upesi nani atamwacha tena. Pili, msimharakishe. Mpeni chungu na mkeka kabla ya pembe ya ndovu, na kazi yake ikiharibika, mwonyesheni ilipoharibika bila kumcheka. Tatu, msimnyang'anye jina lake. Kazi aliyoifanya na iitwe yake, na ikiuzwa, fedha iwe yake. Maana hata Bezaleli Mungu alimwita kwa jina.

Na mkumbuke ya kuwa Bwana wetu mwenyewe alijulikana Nazareti kama seremala. Mikono ile iliyopigwa misumari kwa ajili yetu ilikuwa imekwisha kuzoea mbao na nyundo, nayo ilijifunza kazi hiyo kando ya mtu mzima aliyemvumilia. Hatuokolewi kwa kazi ya mikono yetu. Tumeokolewa kwa neema. Lakini mikono iliyookolewa haina haja tena ya kujihesabia haki, nayo yapata nafasi ya kumshika kijana wa jirani mkono.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemjaza Bezaleli Roho wako, tutazamie vijana wetu walio hapa na walio mbali mijini. Wape wa kuwatangulia na wa kuwafuata nyuma. Utusamehe karama tulizozifuta kwa ukali wetu. Tia mioyoni mwetu nia ya kufundisha, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.