Haki ya Mpita Njia

Katika miji yetu hapana kitu kinachonyang'anywa kwa urahisi kama njia ya mtu aendaye kwa miguu. Shamba la mtu likiingiliwa dhiraa moja, mwenyewe hukimbilia kortini. Njia ya miguu ikiingiliwa, kila mtu huteremka barabarani akapita, akidhani kuwa mwenye kudai ni mwingine. Basi swali ninaloliweka mbele ya ndugu wasomaji ni hili: kitu kilicho cha watu wote, mmoja akikimega kidogo tu, amemdhulumu nani?

Wako wasemao kuwa hakumdhulumu mtu, kwa kuwa hapana mmoja aliyepotewa na kitu cha kuhesabika. Jibu hili ni jepesi mno. Katika barabara za Kenya, waendao kwa miguu ndio wanaokufa wengi kuliko kundi jingine lolote. Mtoto wa skuli anayelazimika kupita penye magari, kwa sababu ukuta wa duka umefika ukingoni, huyo ndiye aliyedhulumiwa, hata kama jina lake bado halijajulikana.

Wanazuoni hawakuliacha jambo hili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj, kitabu ambacho darasa za pwani yetu zimekizoea, amekataza mtu kujenga kikao njiani, au kupanda mti. Ametaja pia kauli ya pili, nayo kwake ni dhaifu, kuwa yafaa iwapo hayadhuru. Washereheshaji wameeleza sababu: siku zikipita, kilichojengwa hufanana na milki, na watu husahau kuwa pale palikuwa njia. Lakini kitabu hicho hicho chamruhusu mtu kukaa njiani kwa kupumzika au kwa biashara, madhali hawabanii wapitao, wala haihitajiwi idhini ya mtawala. Na yafaa ajitilie kivuli kwa jamvi.

Tazama basi tofauti iliyopo. Muuza machungwa jioni hukunja jamvi lake, na njia ikarudi kwa wenyewe. Mwenye ukuta harudishi. Na mwenye gari aliyelipandisha juu ya njia ya miguu tangu asubuhi hata magharibi, yeye amechukua nafasi ya wauza machungwa watatu, naye hauzi kitu. Lakini askari wa mji wakija, ni nani akimbiaye na kikapu kichwani? Sisemi kuwa wachuuzi hawana makosa; wakisongamana hata mama mwenye mtoto mgongoni asipite, sharti limevunjika na ruhusa imekwisha. Nasema kuwa tumezoea kumwadhibu mwenye dhambi ndogo kwa sababu ana mbio ndogo.

Atauliza mtu: na baraza zetu za Mji wa Kale, Mombasa, si vikao vilivyojengwa njiani? Kwa kauli aliyoitanguliza Nawawi, baraza iliyotoka nje ya mpaka wa nyumba ina la kujibu. Mimi nadhani kauli ya pili ndiyo iliyowasitiri babu zetu, kwa kuwa baraza humkaribisha mpita njia akakaa, na ukuta humfukuza.

Ama mti, uliokatazwa ni ule ambao mtu mmoja huupanda ukawa hoja ya kudai ardhi. Mti uliopandwa na mji, mahali palipopimwa kwa ajili hiyo, ili wapitao wapate kivuli, ni kinyume chake. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika Uhuru Park, na mwaka 1999 akapigwa, yeye na wenziwe, kwa kuutetea msitu wa Karura usigawanywe. Leo watu hutembea Karura chini ya miti ile ile. Hapo mti ulikuwa ndio mlinzi wa haki ya umma.

Lakini kupata njia si kazi kubwa kama kuitunza. Katika waqfu, pato hutangulizwa katika matengenezo, kisha ndipo wanufaika wapewe. Serikali za miji yetu hufanya kinyume: utepe hukatwa, hotuba husomwa, na baada ya miaka miwili kifuniko cha mtaro kimevunjika na miche imekauka. Bustani iliyotengenezwa kando ya mto Nairobi zama za Waziri John Michuki iliachwa ikachakaa, hata ikabidi ifufuliwe mwaka 2020. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoyataja matawi ya imani, alilolitaja la njiani ni kuondoa udhia, kazi isiyo na utepe.

Wala tusiinyoshee kidole serikali peke yake. Siku ya Ijumaa, magari yetu wenyewe huziba njia za miguu za mitaa mizima kandokando ya misikiti, na mgonjwa aendaye hospitali hutafuta pa kupita. Imepokewa kuwa watu wakikhitilafiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba, kadiri ya mita tatu na kitu. Kamati za misikiti zingeweza kuanza kwa kupima dhiraa hizo milangoni pao, na kumweka mtu wa kuzilinda tangu adhana ya kwanza hadi watu watawanyike.