Sauti za Binti Zetu

Somo: 1 Samweli 18:6–9, Luka 1:46–55



Sauli alipotoka vitani alipokewa na wanawake kwa nyimbo na ngoma. Hakuudhiwa na kucheza kwao, bali na maneno waliyoyaimba. Wivu wake juu ya Daudi ulianzia hapo.

Tumeukumbuka mfano huu kwa sababu wazee wa mtaa wetu wanalalamika kwamba binti zetu wanashinda na simu masikioni, wakisikiliza nyimbo za Lady Jaydee na wenzake. Nasi tuliwahi kulalamika vivyo hivyo. Lakini mama huyu si mgeni kwetu. Jina lake ni Judith Wambura, alizaliwa hapa Shinyanga mwaka 1979, na ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kusikika katika muziki wa kizazi kipya. Albamu yake ya mwaka 2003 aliiita Binti.

Basi tuliketi tukausikiliza wimbo wake mmoja, Yahaya, hadi mwisho. Ni habari za mtu ambaye hakuna ajuaye anakaa wapi. Ndugu, nani kati yetu asiyewajua akina Yahaya wa machimboni? Leo yuko Nyarugusu, kesho Rwamgasa, keshokutwa Chunya. Anajulikana kwa jina la utani tu, na binti aliyemwachia mimba hajui hata wilaya ya kwao. Onyo hilo tulipaswa kulitoa sisi, darasani na katika mafundisho ya kipaimara. Tuliona haya.

Wala jambo hili si jipya. Chuoni, tulipojifunza ualimu, tulisoma Wasifu wa Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert. Mama yule wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba katika Kijiti habari za mwanamke aliyeuawa, jambo ambalo wengine wangelinong'ona tu.

Hatusemi kila wimbo ni mwema. Wimbo unaomfundisha msichana kujipima kwa zawadi za wanaume hatuutetei, awe ameuimba nani. Lakini atatenganishaje pumba na mchele, ikiwa sisi tunazima redio kabla ya kusikia?

Tena tuna deni, afadhali tuliungame. Miaka iliyopita msichana mmoja wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya pili, alisikika akiimba wimbo wa namna hiyo huku akifagia kanisa. Kikao kikaketi, akaondolewa kwaya. Sisi tulikuwamo. Tulijua adhabu ile haikustahili, tukanyamaza. Jioni ile ile, katika Sala ya Jioni, tuliimba Wimbo wa Mariamu, naye alikuwa msichana wa kijijini tu.

Mwaka jana tulikwenda msibani Katoro, mkoani Geita, tukaingia kibandani kula. Mama lishe aliyetuletea ugali ndiye yeye. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Aliuliza habari za nyumbani, za mvua, za padri. Kisha akauliza kama sauti ya pili siku hizi ina watu wa kutosha. Tukamjibu kwamba wamebaki wawili.

Alicheka kidogo, akarudi jikoni, na baada ya muda tukamsikia akiimba. Wimbo wenyewe hatukuutambua. Tuliacha ugali upoe, tukasikiliza.