Damu, Sindano na Mlango wa Toba

Katika Mwanza, mji uliojengwa juu ya majabali kandokando ya Ziwa, ambako adhana ya alfajiri na kengele ya misa husikilizana kutoka kilima hadi kilima, lipo swali ambalo wengi hulijibu kabla halijakwisha kutamkwa: je, mtu ampaye sindano safi kijana ajidungaye heroini amemsaidia katika uhai, au amemsaidia katika maasi? Naona lastahili kujibiwa kwa utulivu, na kwa kutazama kwanza jinsi mambo yenyewe yalivyo.

Mwenye kujidunga huvuta damu yake kidogo ndani ya bomba ili ajue kwamba ameupata mshipa, na tone libakialo humo, hata likiwa dogo la kutoonekana kwa macho, latosha kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini, ya B na ya C. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kirusi cha homa ya ini C chaweza kukaa hai ndani ya bomba hata siku 63. Hakina chanjo mpaka leo, nacho hulila ini la mtu kimyakimya kwa miaka ishirini au zaidi. Walakini dawa za kumeza zipo, na kwa muda wa wiki 12 huponya zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Kuhusu Ukimwi, makadirio ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika Tanzania zaidi ya thuluthi moja ya wajidungao walikuwa na virusi, ilhali kwa watu wazima wote kwa jumla walikuwa kama watano tu katika mia.

Mwaka 2005 watafiti walieleza jambo waliloligundua Dar es Salaam, ambalo hata leo silisomi bila ya moyo kunisononeka. Aliyepata kete yake alijidunga, kisha akavuta damu yake ikajaa bomba, akampa mwenzake asiye na fedha ajidunge damu ile, wakiamini wote wawili kwamba ndani yake imebaki heroini ya kutosha kuituliza arosto, yaani maumivu ya kuikosa. Hakuna njia iliyo nyepesi zaidi ya kumwambukiza mtu. Na hata hivyo aliyetoa alitoa kwa huruma, kwa kuwa aliijua adhabu ya mwili unaotetemeka na kuumwa kila kiungo. Bara hii imepata kuuheshimu sana udugu wa kuchanjiana damu, na mwaka 1876 Mtemi Mirambo wa Unyamwezi mwenyewe alichanjiana na Stanley ili wasidhuriane tena. Basi nikiwaza habari ya mabomba yale, siwezi kusema kwamba mateja ni watu waliokwisha utu. Utu wao ungalipo. Kilichokosekana ni njia salama ya kuituliza arosto.

Maulamaa wa usuli, akiwamo Imamu Ghazali, wamekwisha kutufundisha kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Atakayenijibu kwamba heroini huharibu akili, na kwamba kutoa sindano ni kama kuridhia uharibifu huo, hoja yake ina uzito wala siidharau. Lakini akili hukaa katika nafsi iliyo hai, na toba, ambayo Waislamu na Wakristo pia wanakubaliana kwamba mlango wake haufungwi maadamu mtu anapumua, haiwezekani kwa maiti. Wala fikira hii si ya wapuuzao dini: mwezi wa Januari 2005, Ayatollah Shahroudi, aliyekuwa mkuu wa mahakama za Irani, aliwaandikia waendesha mashtaka wa nchi ile wasiwazuie watoao sindano safi na methadoni, dawa ya kushika nafasi ya heroini, na nchi hiyo si ya kulegeza mambo ya haramu.

Tena sisi wa kandoni mwa Ziwa tumekwisha kuijaribu njia hii katika jambo jingine. Kati ya mwaka 1991 na 1994, zahanati za vijijini katika mkoa wa Mwanza ziliimarishwa ili zitibu vizuri magonjwa ya zinaa, na ilipohesabiwa baadaye, maambukizo mapya ya Ukimwi katika vijiji vile yalikuwa yamepungua kwa kadiri ya asilimia 40. Tiba ile ilitolewa bila ya kumtaka mgonjwa kwanza athibitishe kuwa ameiacha zinaa. Sijasikia shehe wala padre aliyesema kwamba zahanati zile zilihalalisha uasherati, nami sioni kwa nini mshipa wa mkono uhukumiwe kwa ukali zaidi.

Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, sasa hutolewa hapa katika Hospitali ya Sekou Toure. Ni dawa ya kunywa. Huizuia arosto kwa siku nzima, na anywaye hana haja ya bomba. Lakini kwa kawaida huinywa mbele ya muuguzi, kila siku, na hapo ndipo mvuvi wa Ukerewe au wa Kome anaposhindwa, kwa kuwa Ziwa limemtenga na dirisha la dawa, nauli ya kila siku hana, na akizikosa siku chache tu arosto humrudisha alikotoka. Katika mafungu manane ya zaka limo fungu la msafiri aliyekwama njiani, na makanisa yana sadaka za wagonjwa. Nauli ya chombo kutoka Nansio, na mahali pa kulala mjini kwa miezi ya mwanzo ya dawa, havipiti uwezo wa misikiti na parokia za Mwanza, na fedha za kuanzia zaweza kukusanywa Ijumaa hii na Jumapili hii.